Shukrani kwa nesi wa zamu ya usiku

Dada nesi, jina lako hatukulipata, lakini mama yupo. Pafu lake la kulia lilishaondolewa, tukadhani yamekwisha. Usiku akaanza kukohoa maji mepesi yenye damu, tena mengi. Hukungoja daktari. Ulimlaza upande wa kulia, uleule uliopasuliwa (nani angedhani!), ukainua kichwa cha kitanda, ukamwekea oksijeni, ndipo ukapiga simu. Baadaye tulielezwa: mshono wa njia ya hewa ulikuwa umeachia, na maji ya kifuani yangemwagikia pafu pekee lililobaki. Mpira wa kutoa maji, antibiotiki, kisha upasuaji wa kuziba tundu kwa kipande cha msuli, vyote vilifuata. Mungu akulipe. Mama anakusalimu, anasema ulimgeuza kama gunia la mkaa, na amekusamehe.