Saa 24 darasani, bili ya saa 32: zile 8 zimetoka wapi?

Mwezi uliopita mama mmoja mwenye chuo kidogo cha kompyuta alinipigia simu kabla sijafungua hata kufuli la ofisi. Salamu hakuna. "Dada, mwalimu wenu kaingia darasani mara 12, kila kipindi saa 2. Hata mtoto wa darasa la tatu atakwambia hizo ni saa 24. Bili yenu inasema 32. Saa 8 mmezitoa wapi? Si bora mniambie tu kwamba ninyi ni madalali, nijue moja!"

Neno dalali lilinikaa kooni mpaka mchana. Si yeye wa kwanza kulitamka, na swali lenyewe tunaulizwa karibu kila muhula, kwa hiyo nimeona niliandike jibu mahali pamoja. Nitakuwa nawatumia watu kiungo badala ya kumalizia vocha kwenye ubishi.

Kwa wasiotufahamu: tuko Sinza, Dar es Salaam, na kazi yetu ni kutafuta, kupima na kupeleka walimu wa vipindi wanaofundisha kutengeneza tovuti. HTML na CSS, JavaScript, PHP, WordPress, na siku hizi React. Hatuna mwalimu wa kuajiriwa hata mmoja. Wote wanajitegemea, kila mtu na TIN yake, mchana wanashinda kwenye kazi zao za kutengeneza mifumo ya watu na saa 11 jioni wanaingia darasani kwenu. Ndivyo tunavyotaka iwe. Mtu ambaye leo asubuhi kapambana na tovuti ya mteja iliyogoma kufunguka, jioni ana la kuwaambia wanafunzi.

Sasa hizo saa 8. Zamani hatukuzitoza kabisa. Tulikuwa tunampeleka mwalimu siku ya kipindi cha kwanza, anachomeka projekta, anaanza. Mpaka siku tulipopata kazi kwenye maabara ya kompyuta 20, safi, zenye feni na kiyoyozi, tukaona leo tumepata. Kipindi cha kwanza kilikwenda kama maji. Mwalimu akawasaidia kuweka XAMPP, programu inayoifanya kompyuta yako iwe seva ya kujaribia tovuti, kwenye kila mashine, wanafunzi wakaandika kurasa zao za kwanza, wakahifadhi, wakaenda kwao. Kesho yake wanawasha kompyuta, hakuna folda hata moja. XAMPP yenyewe hakuna. Wanafunzi wakaanza kutuhumiana, mmoja akadai mwenzake wa zamu ya asubuhi ndiye kafuta. Kumbe mashine zote zilikuwa zimewekewa ile programu ya kugandisha: ukizima na kuwasha, kompyuta inarudi ilivyokuwa siku ilipogandishwa. Kwa maabara ni kitu kizuri, kinazuia virusi na wapenda magemu. Ila msimamizi hakutuambia, na sisi hatukuuliza. Kosa lilikuwa letu. Tulirudia kipindi bure, kwa nauli yetu, na yule mwalimu tulimlipa kutoka mfukoni.

Tangu hapo mwalimu anakwenda siku moja kabla. Anaomba neno la siri la msimamizi. Anauliza kama mashine zimegandishwa. Anawasha XAMPP kompyuta moja baada ya nyingine, kwa sababu Apache, ile seva iliyo ndani yake, inataka poti namba 80, yaani mlango wake wa mawasiliano, na mara nyingi anakuta kuna programu nyingine imeshaikalia, kwa hiyo anaihamishia 8080 na kuandika kwenye karatasi ni mashine zipi. Kila kinachotakiwa anakibeba kwenye diski ya nje. Kompyuta 20 zikianza kushusha Node, programu ya kuendeshea JavaScript, kwa wakati mmoja kwenye bando moja, kipindi kizima kitaisha watu wanaangalia mstari wa kijani ukitambaa. Hapo zimeshapita saa 3, na hajafundisha neno. Saa 5 zinazobaki ni za kutunga mazoezi yanayofanana na kazi za wanafunzi wenyewe na kusahihisha wanachorudisha. Kazi 20 za mwanzo zinasomwa mstari kwa mstari, kwa sababu nukta mkato moja iliyosahaulika inaweza kumfanya mwanafunzi aamini hana kichwa cha kompyuta.

Kwa hiyo tunahesabu saa 1 ya maandalizi kwa kila saa 3 za darasa. Saa 24 zinazaa 8. Yule mama nilimpa hesabu hiyo, akanyamaza, halafu akasema kitu ambacho sikuwa na jibu lake: "Mbona kwenye makadirio mliandika tu saa 32 za kazi?" Kweli tuliandika hivyo. Bili haikuwa na kosa, lakini makadirio yaliandikwa kivivu, na mtu akisoma "saa za kazi" anaona mwalimu amesimama mbele ya ubao. Kuanzia mwezi huu maandalizi yana mstari wake peke yake.

Bei ni ile ile. Tunatoza 45,000 kwa saa, na katika hiyo mwalimu anapata 32,000. Wengi wakisikia 13,000 inayobaki ndipo neno dalali linapozaliwa. Dalali wa nyumba akishakuonyesha chumba na kuchukua chake, bomba likipasuka kesho hapokei simu. Sisi mwalimu akiugua saa 8 mchana, saa 11 kuna mwingine mlangoni kwenu, na huyo wa akiba hakuja kubahatisha, amelipwa kusoma daftari la kipindi, ambamo mwenzake ameandika walipofika. Mwalimu tunamlipa ndani ya siku 7 hata kama chuo bado kinasubiri wanafunzi wamalizie ada. Kuna vyuo vimetulipa baada ya miezi 3. Mwalimu hakujua hata kama kulikuwa na kuchelewa.

Halafu kuna njia ya mkato. Mwaka juzi chuo kimoja kilichokuwa mteja wetu kiliona 45,000 ni nyingi, kikachukua kijana kutoka kwenye grupu la WhatsApp kwa 20,000 kwa saa, maandalizi hakuna. Saa 24, shilingi 480,000, mambo yameisha. Kijana akaja na noti alizopewa yeye mwenyewe alipokuwa anasoma. Kwenye somo la kuunganisha PHP na hifadhidata akaandika ubaoni mysql_connect, amri ambayo pamoja na ndugu zake wote iliondolewa PHP 7 ilipotoka Desemba 2015. Wanafunzi wananakili herufi kwa herufi, brauza inawajibu amri hiyo haifahamiki. Kijana akasema kompyuta za maabara zina tatizo. Akatafuta XAMPP ya zamani yenye PHP 5.6, toleo ambalo hata viraka vya usalama liliacha kupata mwisho wa 2018, akaiweka maabara nzima. Mambo yakakubali! Darasa likaendelea, vyeti vikatolewa, picha zikapigwa.

Kasheshe ilianza mwanafunzi wa kwanza alipopata kazi ya kweli, mfumo wa kuhesabu bidhaa za duka la vipodozi Kariakoo. Kwake ulikuwa unafanya kazi. Alipoupandisha kwenye hosti, yaani seva ya kukodi mtandaoni, ukurasa mweupe, peee. Mwenye duka kamsimamia pembeni. Akarudi chuoni na wenzake 16, wanataka ada yao. Chuo kikatuita. Tuliwarudia kwa wiki 3, vipindi vitatu kwa wiki, saa 18 na maandalizi yake saa 6, jumla 1,080,000. Ukiongeza zile 480,000 za mwanzo, mkato ule uligharimu 1,560,000. Wangetuita tangu mwanzo ingekuwa 1,440,000, na hakuna mtoto wa mtu angeaibika Kariakoo.

Yule kijana sikumlaumu sana. Alikuwa hodari wa WordPress, ila hakuna aliyewahi kumuuliza anafundishaje. Tulimwita aje apimwe kwetu, na hapa ngoja niwaambie tunavyopima, maana watu wanadhani tunasoma CV tu na kuzipanga.

Vyeti tunaviangalia mwisho. Mlango wa pili kutoka kwetu kuna fundi cherehani, mama mtu mzima, ambaye tulipoanza alikuwa hajawahi kugusa kompyuta. Anayeomba kazi tunamkalisha naye kwa dakika 20: mfundishe aweke picha ya gauni alilolishona kwenye ukurasa wa tovuti. Basi. Picha kaipiga kwa simu, tumeihamishia kwenye kompyuta, na anaipa jina mwenyewe. Anaandika gauni.jpg, kama alivyoelekezwa. Tatizo ni kwamba Windows huficha mkia wa jina la faili, kwa hiyo faili linaloonekana gauni.jpg jina lake halisi ni gauni.jpg.jpg. Anafungua ukurasa, picha haipo, kuna kialama kidogo tu cha picha iliyovunjika.

Hapo ndipo tunapoangalia mikono. Yule kijana wa WhatsApp alikinyakua kipanya, akabofya mara tatu, "Tayari, shangazi." Fundi akamuuliza, "Umefanyaje?" Akajibu, "Kilikuwa kitu kidogo tu." Tukamshukuru, tukampa nauli. Wiki hiyo hiyo alikuja binti mmoja ambaye, nilimwona kwa macho yangu, aliikalia mikono yake ili asishawishike. "Shangazi, faili lako linaitwaje? Nisomee." "Gauni nukta jpg." Akamwelekeza kwa mdomo tu mpaka kwenye menyu ya kuonyesha mikia ya majina, akamwambia aweke tiki. "Haya, nisomee tena." Fundi akainamia skrini. "Gauni nukta jpg nukta... eeh! Kumbe lina mikia miwili!" Dakika 14. Binti alianza kazi Jumatatu. Kijana alirudi baada ya miezi 2, safari hii mikono mfukoni, na leo anatufundishia WordPress.

Mkato mwingine unaniuma zaidi, kwa sababu unafanywa na wateja ninaowapenda: kumzunguka wakala. Muhula wa kwanza mnapitia kwetu, mnamzoea mwalimu, muhula wa pili mnamvuta pembeni, "Njoo moja kwa moja, tutakupa 38,000." Hesabu inavutia, yeye kaongeza 6,000, ninyi mmeokoa 7,000. Siwezi kumfunga mtu kamba. Lakini hawa ni watu wa kujitegemea, wanakwenda kazi kubwa inapokwenda. Ofisi moja ilifanya hivyo, na kwenye wiki ya 5 mwalimu akapata mkataba wa kutengeneza mfumo wa taasisi ya fedha. Akaomba radhi kwa ujumbe mfupi, akapotea. Mazoezi yote yalikuwa kwenye laptopu yake. Tovuti ya darasa ilikuwa kwenye akaunti yake ya hosti, na neno la siri analo yeye. Wakatupigia tulete mwingine "aendelee pale alipoishia". Pale ni wapi? Kwa wanaopitia kwetu, kila baada ya kipindi mwalimu anajaza daftari: tumefika wapi, nani amekwama, na kazi za wanafunzi zinapandishwa kwenye Git, mfumo wa kutunza kila toleo la kazi, kwa jina la chuo. Kwa ile ofisi tulianza upya.

Wapo pia wanaotupigia wakitaka mwalimu wa Dreamweaver, programu ya kutengenezea tovuti, kwa kuwa ndivyo mtaala wao unavyosema. Programu hiyo ipo tangu 1997, ilikuwa ya Macromedia kabla Adobe haijainunua kampuni hiyo mwaka 2005, na leseni yake inalipiwa. Nikiuliza mtaweka ipi, najibiwa kuna fundi ana toleo lililochakachuliwa. Hapana. Mwalimu wetu hatafundishia kitu cha wizi, na VS Code, programu ya kuandikia kodi za tovuti, ni ya bure. Tutazungumza na mwenye mtaala kama ikibidi.

Na ninyi wa makampuni, nina neno moja. Mkilipa bili yetu mnakata kodi ya zuio ya 5%, na hiyo ni sheria, sisi wenyewe tunawakata walimu. Tunaomba tu cheti cha zuio. Kwenye bili ya 1,440,000 ni shilingi 72,000, na bila kile cheti, TRA hawana sababu ya kuniamini kwamba mlinikata. Kuna mhasibu mmoja nimemwomba cheti tangu Ramadhani. Kila nikipiga yuko kwenye kikao.

Yule mama wa chuo amelipa, na amechukua mwalimu wa JavaScript kwa muhula ujao. Amesema makadirio atayasoma na kalamu mkononi, nami nimemwambia ayasome na kalamu mbili.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunapima tena walimu, hasa wa React, na anayetaka kujaribu aje na kitambulisho na asibebe slaidi. Ila tuna shida. Safari iliyopita fundi wetu wa cherehani alimkatiza mwombaji katikati ya maelezo akamwambia, "Mwanangu, hapo juu hujaifunga div." Hafai tena kuwa asiyejua. Tumemwendea kaka wa chipsi pale kona, amekubali, lakini kuanzia saa 9 alasiri, mafuta yakishapoa.