Barua kwa mwanangu: njano iliyofunika potasiamu

Mwanangu Rehema,

Hujambo? Sisi huku wazima. Bibi yako anauliza mnafunga shule lini.

Unasema kwenye jaribio la mwali, lile la kuchoma chumvi ili kuitambua kwa rangi ya moto, mlipewa chumvi ya potasiamu, kitabu kinasema zambarau, nyinyi mkaona njano tupu, na mwenzako akadai chumvi imeharibika. Haijaharibika. Ile njano ni sodiamu. Imo kwenye jasho la vidole, imo hata kwenye vumbi, na chembe tu yatosha kuuteka mwali mzima. Maji ya wali yakifurika kwenye jiko la gesi, si umeona moto unavyogeuka njano?

Mkirudi maabara, chovya waya wa kushikia chumvi kwenye asidi hidrokloriki, uuchome, urudie hadi mwali usibadilike rangi. Vaa miwani, asidi ile ni kali. Ndipo uchukue chumvi, na utazame kupitia kioo cha buluu cha kobalti. Kinaimeza njano, zambarau inapita. Uwe macho, maana haikawii kupotea.

Joto huipandisha elektroni kwenye ngazi ya juu ya nishati; ikishuka, hutoa mwanga. Ngazi hizo hutofautiana kwa kila elementi. Sodiamu hung'aa kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 589, mahali ambapo jicho linaona vizuri. Potasiamu hutoa 766, ukingoni mwa wekundu, na 404, ukingoni mwa zambarau. Kote huko jicho letu ni dhaifu, basi maskini potasiamu haonekani.

Bunsen naye, mwanakemia wa kule Heidelberg, Ujerumani, alihangaika na vioo vya rangi kama wewe, mpaka rafiki yake Kirchhoff, mwanafizikia, akamwambia aupitishe mwanga kwenye mche wa kioo, unaoutawanya kuwa mistari ya rangi. Mambo yakabadilika. Lithiamu na strontiamu, ambazo kwa macho zote ni nyekundu, zikatengana: kwenye mwali ule strontiamu huonyesha mstari wa buluu ambao lithiamu haionyeshi. Mwaka 1860 wakaona kwenye maji ya chemchemi ya Dürkheim mistari miwili ya buluu isiyo ya elementi yoyote iliyojulikana. Hiyo ndiyo sisiamu. Kupata gramu chache za chumvi yake, Bunsen alichemsha maji tani 40 hivi! Mimi ningeacha.

Ukija likizo tutachukua CD kuukuu, ambayo nayo hutawanya mwanga kama mche, tuielekeze kwenye taa ya tyubu ya sebuleni, ile yenye mvuke wa zebaki. Utaona mistari ya zebaki, kijani mbali na buluu mbali. Nauli nimemtumia matroni.

Mama yako