Barua kwa Zuhura: treni za bati chini ya stesheni

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Salamu zako bibi amenifikishia, nami ni mzima, alhamdulillahi. Umeuliza Jumamosi nilikuwa wapi hata simu haipatikani. Nilikuwa chini ya stesheni ya treni ya Brighton, huku Uingereza, kwenye jumba la makumbusho ya vitu vya kuchezea vya watoto, lililofunguliwa mwaka 1991 ndani ya matao ya matofali. Kwa kawaida treni nyingi za zamani unazitazama zikiwa kabatini tu. Wikendi hii walizitoa wakaziendesha, nami nilikuwaza wewe muda wote.

Ni treni za bati, zimepakwa rangi ya kijani na nyekundu. Nyingine zinajazwa kwa ufunguo kama saa ya babu: springi inajikunja, ikianza kukunjuka magurudumu yanazunguka. Za umeme zina reli ya tatu katikati, huko ndiko moto unakopita. Na zina kelele, mwanangu! Bati juu ya bati.

Nyingi ni za kampuni ya Hornby. Huyu Frank Hornby alikuwa karani Liverpool, si mhandisi. Aliwakatia wanawe wawili vipande vya bati vyenye matundu, wafunge kwa nati na boliti wajenge winchi na madaraja, na mwaka 1901 akapata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi. Treni yake ya kwanza ilitoka 1920, nayo iliunganishwa kwa nati hivyo hivyo, mtoto aweze kuifungua na kuifunga tena. Hapo ndipo niliposimama sana. Wewe uliifungua redio ya babu watu wakakugombeza, na redio ikaimba.

Kitu kimoja hakikunipendeza: kwenye maboksi ya zamani wamechorwa wavulana tu. Usikubali mtu akuambie nati na boliti si za mtoto wa kike. Jumamosi hiyo mmoja wa waliokuwa wakiendesha treni alikuwa bibi wa makamo ya bibi yako, na kila injini iliyogoma aliifungua mwenyewe.

Sasa ile treni yako unayoijenga kwa makopo. Kipimo wanachotumia Uingereza kwa treni za ukubwa wa hizo nilizoziona ni hiki: gawanya kila kitu kwa 43.5. Reli yetu ya Tanga, iliyoanza kujengwa na Wajerumani mwaka 1893, ina upana wa mita 1 kutoka chuma kimoja cha reli hadi cha pili, kwa hiyo yako iwe milimita 23. Mwombe mjomba akupeleke stesheni, muombe ruhusa kwanza, mpime behewa moja: urefu, upana, kimo, na umbali kati ya magurudumu. Niandikie vipimo vyote tupige hesabu pamoja Ijumaa. Mkasi wa bati na glavu nitavituma. Bila glavu usiguse bati, tafadhali.

Msalimie bibi na mjomba.

Mama yako