Mtoto anapiga hatua, sisi tunatafuta simu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na naomba usinikate sana maana najua nimeandika ndefu. Nataka kuongelea haya mambo yetu sisi wazazi wa watoto wadogo, kushangilia kila kitu, kaota jino, kakaa, kasimama dede, kaita baba, na kila kimoja kinarushwa kwenye status kabla hata mtoto mwenyewe hajajua kafanya nini. Sipingi kushangilia, nisieleweke vibaya, mimi mwenyewe kwa kelele ni wa kwanza. Ila nimeanza kuona kuwa tunashangilia hatua alafu mtoto mwenyewe hatumwangalii.

Nianze na dhambi yangu. Binti yangu alikuwa na mwaka na wiki tatu, na kwa mwezi mzima alikuwa anatembea kwa kushikilia kochi, anatoka mwisho huu mpaka mwisho ule, anageuka, anarudi, kama mlinzi wa zamu. Sasa jioni moja kandambili yangu ilikuwa imeachwa katikati ya sebule, na huyu mtoto ana kesi ya siku nyingi na kandambili zangu, anazitaka azitafune na mama yake hataki. Akaiona. Akaachia mkono mmoja. Akaicheki tena, akanicheki mimi, akachungulia kama mama yake yupo, hayupo, akaachia na mkono wa pili. Mikono juu, tumbo mbele, vidole vya miguu vimejikunja vinang'ang'ania sakafu. Hatua ya kwanza. Ya pili. Na mimi hapo mhariri nikafanya nini? Nikakurupuka kwenda kuchomoa simu kwenye chaji. Narudi mtoto keshakaa chini, kandambili iko mdomoni, na mama mkwe wangu ambae muda wote alikuwa amesimama pale mlangoni anapiga makofi huku machozi yanamlengalenga. Nikamuuliza mama kapiga ngapi? Akasema tano. Alafu akaniuliza, kwani we ulikuwa wapi?

Nilikuwa kwenye chaji.

Ingeishia hapo ningenyamaza, lakini haikuishia hapo. Nikamnyanyua mtoto nikamrudisha kwenye kochi, nikaiweka kandambili palepale, nikapiga magoti na simu nimeinyoosha, rudia mama, rudia basi, njoo kwa baba. Akakaa. Nikamnyanyua, akakaa. Mara ya tatu akaja kwa kutambaa akaitaka simu. Mara ya sita akalia. Kwa siku kadhaa zilizofuata akiniona tu nimeshika simu anakaa chini kabisa, makalio yamegota, kama mtu aliyegoma, na alikuwa anatembea akiwa na bibi yake tu. Video niliyokuja kurusha mwisho wa yote, ile niliyoandika "hatua za kwanza za malkia wetu", ilichukuliwa siku tisa baadae. Uongo mtupu. Watu wakanipongeza kwa hatua ambazo hata mimi sikuziona.

Sasa njooni kwenye pongezi zenyewe, maana huko nako kuna vituko. Tuna grupu la wazazi, wengi tulipata watoto miezi inayokaribiana, na nilipoirusha tu video mmoja akaandika hongera, wangu alitembea na miezi tisa. Mwingine akaja, wa kwetu nane na nusu. Mwingine, wa kwetu hakutambaa kabisa alinyanyuka tu akaondoka. Ikawa kama mnada, tofauti yake huku anayetaja namba ndogo ndo anaondoka na mali. Na katikati ya huo mnada kuna mama mmoja hakuandika chochote, alafu jioni yake tukaona tu ametoka kwenye grupu. Mke wangu akampigia. Kumbe mtoto wake alikuwa na miezi 16 bado hajaachia meza, na kila video tuliyokuwa tunarusha sisi kwa furaha kwake ilikuwa inamwingia kama mwiba. Kila usiku anamnyoosha miguu mtoto, anampima na mlango, anasoma soma mtandaoni mpaka saa nane. Ameshanunua na kile kigari cha magurudumu cha kumtumbukiza mtoto ndani ati kimfunze kutembea.

Hapo ndo nikaanza kutafuta hizi namba zinatoka wapi, na niliyoyakuta ningependa kila mzazi ayajue. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitoa mwaka 2006 matokeo ya utafiti wa watoto 816 kutoka nchi tano, Ghana, India, Norwe, Omani na Marekani, watoto wenye afya njema, wakafuatiliwa ni lini wanakaa bila kuegemezwa, wanatambaa, wanasimama, wanatembea. Kutembea mwenyewe bila kushikwa, dirisha lao, yaani kipindi cha kutarajia hatua hiyo, ni kuanzia miezi 8.2 mpaka miezi 17.6. Soma tena hapo. Miezi tisa na zaidi ya tofauti, na wote hao ni wazima! Kukaa bila kuegemea ni kuanzia miezi 3.8 mpaka 9.2. Kusimama mwenyewe ni kati ya 6.9 na 16.9. Na kutambaa kwa mikono na magoti, asilimia 4 hivi ya wale watoto hawakuwahi kabisa, wakaruka hiyo hatua na maisha yakaendelea. Wapo wanaojiburuza kwa makalio, wapo wanaojivuta kwa tumbo. Ndio maana mwaka 2022 wale wa Marekani, CDC, taasisi ya serikali yao ya kudhibiti magonjwa, walipoipitia upya orodha yao ya hatua za ukuaji, kutambaa wakakuondoa kabisa. Kwahiyo yule mama mtoto wake alikuwa ndani ya dirisha bado, na kweli alipokaribia miezi 17 akaachia meza akaenda zake. Hakuna aliyemshangilia kwenye grupu kwasababu mama yake alishatoka.

(Wenye watoto njiti ndo wanaumia zaidi, hawaambiwi kwamba mpaka miaka miwili hivi umri wa mtoto kama huyo unahesabiwa kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, sio aliyozaliwa. Aliyewahi miezi miwili akifikisha mwaka wewe mpime kama wa miezi kumi.)

Na kile kigari, jamani. Hakimfanyi mtoto awahi kutembea, kinachofanya ni kumpa spidi ambayo akili yake haijaifikia, ngazi hii hapa, jiko hili hapa. Kanada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004. Sisi tunanunua kwasababu mtoto wa fulani keshatembea.

Lakini hilo la kuumizana kwenye grupu ni dogo. Kilichonifanya niandike barua hii ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, na dada kanikubalia niseme.

Huyu mtoto alikuwa bingwa wetu. Meno aliwahi, kusimama aliwahi, alipofika miezi kumi anatembea. Video yake ya kutembea ukoo mzima tunayo, ilizunguka mpaka ikanirudia mimi kutoka kwa mtu nisiyemjua. Nimeitazama mara nyingi sana nikiwa nacheka. Juzi juzi nikaitazama tena sauti nimefungulia, na nikaona kitu ambacho kilikuwepo muda wote. Mtoto anatembea kutoka ukutani, kwa nyuma yake watu kama sita wanapiga kelele wanaita jina lake, na katikati hapo kuna mfuniko wa sufuria unaanguka jikoni, kishindo kikubwa, aliyeshika simu mwenyewe anashtuka picha inayumba. Mtoto hageuki. Hapepesi hata jicho. Anaendelea na safari yake uso umechangamka, anamwangalia mama yake aliyenyoosha mikono mbele.

Hakuwa anasikia vizuri. Tulikuja kujua ana miaka miwili na miezi kadhaa, na aliyegundua si mimi, si dada, si bibi, ni mlezi wa kituo cha watoto ambae alikuwa na wiki mbili tu naye. Sisi wote tulikuwa tunasema mtundu, mkaidi, huyu akiwa na jambo lake hasikii. Tulikuwa tunatania kumbe tunasema kweli. Na ukiuliza mbona hajaongea jibu lilikuwa tayari, aah huyu si alitembea mapema, wanaowahi miguu huchelewa mdomo. Yaani ile hatua tuliyoishangilia ndo tukaitumia kufunikia ile iliyokosekana.

Wataalamu wa masikio wanataka mtoto apimwe kusikia kabla hajamaliza mwezi mmoja, kama kuna tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Sisi tulikuwa tumeshapita miaka miwili. Sasa ana vifaa vya kusikilizia masikio yote mawili na anaongea, kwa kuchelewa lakini anaongea. Siku ya kwanza walipomwashia, dada anasema, bomba la mle chumbani lilikuwa linatiririsha maji kidogo, mtoto akatulia kimya, akaligeukia lile bomba, alafu akamgeukia mama yake, akaligeukia tena bomba. Hilo hakuna aliyelirekodi, dada alikuwa amempakata mikono yote miwili.

Kuna vitu vya kushangilia ambavyo havina video nzuri, na ndo vinavyosema mengi kuhusu mtoto. Anapotimiza wiki sita mpaka nane anakutabasamia wewe, sio ile ya usingizini, ya kukulenga wewe. Anabwabwaja bababa dadada wala hakuiti, anajaribu mdomo tu, ila akibwabwaja kidogo alafu akanyamaza moja kwa moja hiyo ni ya kuifuatilia. Kufika miezi tisa ukimwita jina anageuka. Kufika mwaka na miezi mitatu ananyoosha kidole kuonyesha anachotaka, na kufika mwaka na nusu ananyoosha kidole kukuonyesha tu, ona ndege, ona gari, hataki kitu, anataka muangalie wote. Mimi hicho kidole kwa binti yangu kilinipita kabisa, sijui hata kilianza lini, ila nakumbuka tarehe ya jino la kwanza na ndani ya simu nina picha thelathini na kitu za hilo jino. Jino! Meno ya utotoni yako ishirini na yanaota yenyewe, hata mzazi ukilala.

Kuna watakaosema nawaharibia watu furaha, mambo yenyewe yanapita haraka mwache mtu ajiwekee kumbukumbu. Sawa kabisa. Mimi nina picha za binti yangu zaidi ya elfu na sifuti hata moja. Ila tukubaliane, tunaporusha hatuwekei kumbukumbu mtoto, tunawaonyesha watu. Mtoto wa mwaka mmoja hahitaji watu mia wajue katembea. Anachohitaji ni yule aliyepo chumbani awe anamwangalia usoni akifika, kama mama mkwe wangu siku ile. Binti yangu baada ya zile hatua tano alitoa kandambili mdomoni akaanza na yeye kupiga makofi kumwiga bibi yake. Nilikuta mwisho mwisho wa hayo makofi.

Ombi langu kwako mhariri ni moja. Gazeti lenu huwa linatoa picha za watoto waliotimiza mwaka, wazazi wanatuma, mnaandika hongera, kurasa nzuri tu na mke wangu huwa anaanzia hapo. Pembeni ya hizo picha wekeni kisanduku kidogo kila mara. Andikeni yale madirisha ya WHO ili mwenye mtoto wa miezi 15 ambae hajaachia meza alale usingizi, na chini yake andikeni mambo ambayo mzazi akiyaona asisubiri wala asiulize kwenye grupu, aende kliniki: hageuki akiitwa, hanyooshi kidole kwa lolote, mwaka na nusu umepita hatembei, au alikuwa anafanya kitu, kusema neno, kukaa, kucheka na watu, alafu kakiacha. Hilo la mwisho liandikeni kwa herufi nene. Mkikosa nafasi punguzeni picha moja, mkitaka anzeni kupunguza ya binti yangu, tulituma mwezi uliopita na bado haijatoka.

Msomaji wenu,
Baba wa binti mmoja