Malalamiko kuhusu misumari iliyojitokeza kwenye fremu na skatingi

Mamboleo, Kisumu
9 Juni 2025

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Bwana/Bi,

MINT: MISUMARI ILIYOACHWA JUU NA MATUNDU YALIYOZIBWA OVYO

Jumapili iliyopita mama mkwe wangu, ambaye wanangu humwita Dani, alikuwa akitoka chumbani leso yake ikanasa kwenye fremu ya mlango. Aliivuta akidhani mjukuu anamchezea, na leso ikachanika shibiri nzima. Nilipopapasa pale nilikuta kichwa cha msumari kimejitokeza, na chini sakafuni vipande vya filla, ile lipu ya kuzibia matundu ya mbao, vimebanduka. Fremu hiyo mliifunga ninyi mwezi wa Februari pamoja na nyingine nne, na skatingi, yaani mbao za chini ya kuta, za sebule na vyumba vitatu, kwa makubaliano ya shilingi 74,000. Nimeshalipa 60,000.

Usiku huo nilichukua tochi nikazunguka nyumba nzima. Ukimulika ubao kutoka ubavuni, kasoro ambayo mchana huioni hutoa kivuli chake. Nilihesabu misumari 31 iliyojitokeza, kisha nikaacha kuhesabu.

Mimi si fundi, lakini baba yangu alikuwa seremala pale Kibuye na karo yangu ilitoka kwenye randa yake. Najua msumari wa skatingi haupigwi kwa nyundo hadi mwisho. Unaacha kichwa juu kidogo, unaweka panchi, kile chuma chembamba cha kuzamishia msumari, unagonga mpaka kichwa kizame milimita 2 au 3 ndani ya ubao. Tundu linalobaki ndilo filla inakokaa. Kijana mliyemtuma alipiga nyundo mpaka kichwa kikalingana na ubao, akapaka filla juu yake. Haikuwa na mahali pa kushika. Na kila msumari umezungukwa na alama ya nyundo, duara bovu ambalo vanishi imelifanya lionekane zaidi.

Nilimuuliza siku hiyo hiyo ya kazi panchi iko wapi. Alinijibu kwa adabu kwamba hakupewa, na kwamba lazima amalize kwangu kabla ya saa nane kwa sababu anangojwa nyumba nyingine. Kwa hiyo naomba asiadhibiwe kwa barua hii. Mlimtuma bila kifaa ambacho kila seremala wa Kibuye anacho, au akikikosa hujitengenezea kwa kukata ncha ya msumari mnene.

Mbao zenyewe zilikuwa mbichi. Nilizibeba mwenyewe kutoka getini, saiprasi nzito, baridi mkononi. Ubao mbichi ukishapigiliwa hukauka na kunywea, lakini msumari haunywei pamoja nao, ndiyo maana vichwa vilivyokuwa sawa Februari sasa viko nje. Kwenye kona ya sebule ubao ulipasuka mwanzo hadi mwisho kwa sababu msumari ulipigwa karibu mno na ukingo bila kutobolewa kwanza kwa drili. Baba akikosa drili alikuwa akigonga ncha ya msumari iwe butu kabla ya kuupiga, kwa kuwa ncha kali hutanua nyuzi za mbao kama kabari, na ncha butu huzivunja na kupita. Ufa ule nao ulijazwa filla. Umefunguka tena.

Kuhusu filla: ni mchanganyiko mweupe uliopakwa mara moja tu, hata palipokuwa na shimo refu. Filla hunywea inapokauka, kwa hiyo shimo refu hujazwa mara mbili, likaachwa na kimuinuko, kisha likapigwa msasa kufuata mkondo wa mbao. Yangu yote yana kibonde katikati. Tena vanishi haikuingia ndani yake kama ilivyoingia kwenye ubao, na sasa skatingi ya kahawia ina madoa meupe kama ya tetekuwanga. Katika fremu ya bafuni, ambako mlitumia misumari ya kawaida ilhali kuna mvuke kila asubuhi, kutu imepenya na kushuka michirizi.

Nilipopiga simu mwezi jana niliambiwa nipake vanishi mkono mwingine. Vanishi haiwezi kuuzamisha msumari.

Naomba mrudi mfanye kazi hii upya ndani ya siku 14. Filla yote iliyolegea ikwanguliwe. Vichwa vizamishwe kwa panchi, na misumari ya bafuni ing'olewe iwekwe ile isiyoshika kutu. Ubao uliopasuka ubadilishwe kwa ule uliokauka. Filla iwe ya rangi ya mbao, na mnionyeshe kwanza kwenye kipande cha ubao kilichopakwa vanishi kabla hamjaigusa nyumba. Palipobonyea kwa nyundo, mkishakwangua vanishi, wekeni kitambaa chenye maji na pasi ya moto juu yake. Mvuke huinua nyuzi ambazo hazijakatika. Nimejaribu sehemu moja nyuma ya mlango wa jikoni na ubao umerudi.

Shilingi 14,000 zilizobaki ziko tayari, nitazitoa kazi ikikamilika. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka 2010 kinanipa haki ya huduma yenye ubora unaofaa, na muda huo ukipita bila jibu nitapeleka picha na stakabadhi zangu katika Mahakama ya Madai Madogo. Ningependa zaidi kumwona yule kijana akirudi na panchi mkononi, pamoja na fundi mzoefu wa kumwelekeza.

Niko nyumbani kila Jumamosi kuanzia saa mbili asubuhi. Kwa sasa nimebandika utepe wa karatasi wenye gundi juu ya msumari wa mlango wa Dani.

Wenu mwaminifu,

(Sahihi)
Mteja wenu, Mamboleo