Sura na Anwani

London, Jumapili jioni

Swahiba,

Salamu nyingi, na mama mpe shikamoo yangu. Mimi mzima, baridi tu ndiyo inanitesa.

Unakumbuka shule ya Jumapili, siku tuliposomewa habari ya ile dinari ya kodi, sarafu ambayo Yesu aliuliza sanamu na anwani yake, yaani maandishi yake, ni ya nani? Ukanyoosha mkono ukauliza Kaisari alikuwa na sanduku la posta namba ngapi, darasa zima likaangua kicheko. Basi jana nimeishika. Si ile yenyewe, ila ndugu yake: dinari ya Tiberio, Kaisari wa Roma aliyetawala mwaka 14 hadi 37, ambayo wengi hudhani ndiyo aina aliyoonyeshwa Yesu. Nilikuwa nimekimbilia mvua kwenye duka la sarafu za kale, mzee mwenye duka akaniwekea kiganjani.

Ndogo, bwana! Miaka yote kichwani mwangu ilikuwa kubwa kama kisahani cha chai. Kumbe ni kiasi cha ukucha wa kidole gumba, gramu tatu na ushei, lakini fedha kwelikweli, ile ya madini. Walizigonga kwa nyundo, kipande kikiwa katikati ya mihuri miwili, na fundi wa hii alikuwa na haraka zake, maana herufi za upande mmoja zimekatikia ukingoni. Sura imebaki: pua ndefu, taji la majani, kamba zake zimening'inia kisogoni. Nikapitisha kidole, shavu bado limeinuka.

Sasa anwani. Maneno yamefupishwa, yamebanana: TI CAESAR DIVI AVG F AVGVSTVS. Mzee akanisomea: Tiberio Kaisari Augusto, mwana wa Augusto aliyefanywa mungu. Hapo nikanyamaza. Kumbe ule mtego aliotegewa Yesu, kama ni halali kumlipa Kaisari kodi, ulikuwa mzito kuliko tulivyofundishwa! Wayahudi, watu waliokatazwa sanamu, na kitu hicho kinatolewa mle mle Hekaluni.

Na nyuma kuna mwanamke; hakuna aliyetuambia. Ameketi, mkono mmoja fimbo ndefu, mwingine tawi. Husemwa ni Livia, mama yake Tiberio, kwa umbo la Amani, ingawa inasimuliwa kwamba mtu na mama yake hawakuiva chungu kimoja. Picha hiyo hiyo aliigonga karibu utawala wake wote. Kabla yake Warumi walibadili picha za dinari kama kanga. Brutus, mwaka 42 KK, aliweka visu viwili kujisifia kumuua Julius Caesar, na upande wa pili akaweka sura yake mwenyewe. Hana haya.

Karibu na sikio la Tiberio kuna kovu dogo la patasi. Mtu wa zamani aliichanja kuhakikisha si shaba iliyovishwa fedha.

Nikauliza bei. Nikairudisha kwa mikono miwili.

Ukipita kanisani na mwalimu wetu yupo, muulize kama alijua habari za yule mama.

Wako,
wa benchi la nyuma