Tovuti inahama salama, barua pepe inabaki njiani

Mhariri,

Matangazo ya kuhamisha tovuti bure yamezagaa mitandaoni: tuletee tovuti yako iliyoko cPanel (paneli, yaani programu ya kuendeshea seva ya tovuti), tutaiweka kwenye paneli yetu, wala haitazimika hata dakika moja. Si uongo, ila ni nusu ya kazi inayouzwa kwa jina la kazi nzima. Mafaili ya tovuti ndiyo mzigo mwepesi kuliko yote. Kinachoharibika ni yale ambayo paneli ya zamani iliyaandika yenyewe, kimyakimya, kila mteja alipobofya kitufe: rekodi za DNS (zinazoelekeza jina la domeni kwenye seva yake), saini za barua pepe, amri ndani ya mafaili yaliyofichwa, ruhusa za hifadhidata. Mteja hajui kama vipo, na anayehamisha bure hana sababu ya kuvitafuta.

Sababu za kuhama zinajulikana. Mwaka 2019 cPanel iliacha kutoza leseni kwa seva ikaanza kutoza kwa idadi ya akaunti, na bei imepanda tena baadaye. Mwenye seva ya tovuti za shule, SACCOS na maduka analipa kwa dola kila mwezi, wakati wateja wake wanamlipa kwa shilingi mara moja kwa mwaka. Kisha tarehe 30 Juni 2024 CentOS 7, mfumo endeshi wa seva nyingi, ikafikia mwisho wa matengenezo, na waliokuwa juu yake wakalazimika kufunga mizigo. Wengi wameingia paneli ya DirectAdmin, wengine HestiaCP, CyberPanel au CloudPanel.

Tuchukue safari ya cPanel kwenda DirectAdmin, maana ndiyo nyepesi: DirectAdmin inasoma kifurushi cha cPanel yenyewe. Mwenye mamlaka ya root (msimamizi mkuu) kwenye seva ya zamani anaandika /scripts/pkgacct na jina la akaunti, anapata faili la cpmove-jina.tar.gz, analipeleka kwenye /home/admin/admin_backups ya seva mpya na kulirejesha kama bekapu nyingine yoyote. Mteja asiye na root anaweza kutengeneza bekapu kamili ndani ya cPanel yake, lakini kuirejesha ni kazi ya msimamizi wa seva.

Kifurushi hicho kinataka nafasi. Akaunti ya GB 40 iliyojaa picha haipungui kwa kubanwa, kwa kuwa JPEG tayari imebanwa. Diski ikijaa katikati ya kazi, hifadhidata za tovuti zote kwenye seva hiyo zinasimama. Kwa akaunti kubwa, ongeza --skiphomedir ili kifurushi kibebe mipangilio na hifadhidata tu, kisha mafaili yavutwe kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, kutoka seva hadi seva. Usiyapitishe kwenye kompyuta ya ofisini. GB 20 kwa mtandao wa Mbps 5 ni karibu saa 9 za kupakia peke yake. Kati ya seva mbili zenye Mbps 200 ni kama dakika 14.

Folda nazo hazifanani. Kilichokuwa /home/jina/public_html kwenye cPanel kinakuwa /home/jina/domains/domeni/public_html kwenye DirectAdmin. Plesk inatumia /var/www/vhosts/domeni/httpdocs, HestiaCP /home/jina/web/domeni/public_html. Popote njia kamili ilipoandikwa kwa mkono, tovuti itakwama. Mfano maarufu ni Wordfence, programu-jalizi ya ulinzi kwenye WordPress: inaandika ndani ya faili lililofichwa la .user.ini amri ya auto_prepend_file yenye njia kamili ya wordfence-waf.php. Ukihama, PHP, lugha inayoendesha tovuti, inatafuta faili pale pa zamani, haioni, na tovuti nzima inakufa kabla WordPress haijaanza kusoma hata mstari mmoja. Fundi anahangaika na wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, kutwa nzima wakati kosa liko kwenye mstari mmoja wa faili ambalo FileZilla, programu yake ya kuhamisha mafaili, haikumwonyesha.

Faili la .htaccess, lenye maagizo ya tovuti kwa seva, ni mtego mwingine. cPanel huandika humo amri ya kuchagua toleo la PHP, kitu kama AddHandler application/x-httpd-ea-php81. Seva mpya haina kitu chenye jina hilo, hivyo inaweza kumpa mgeni faili la PHP alipakue likiwa bichi badala ya kuliendesha. Hilo ni zaidi ya usumbufu, maana msimbo unaonekana, na faili lenye nywila za hifadhidata linaweza kuonekana pia. Futa kipande hicho chote kabla domeni haijaelekezwa kwenye seva mpya, si baada. Mistari ya php_value nayo, pale PHP inapoendeshwa kwa FPM (nje ya programu ya seva yenyewe), huleta kosa la 500, yaani kosa la ndani ya seva; ihamishie kwenye .user.ini. Na anayekwenda kwenye paneli inayotumia Nginx pekee, programu ya kuhudumia kurasa za wavuti, kama CloudPanel, ajue kwamba Nginx haisomi .htaccess kabisa. Ukurasa wa mbele utafunguka vizuri, kurasa nyingine zitaleta 404 (ukurasa haupatikani), na folda zilizokuwa zimefungwa kwa .htaccess zitakuwa wazi kwa dunia nzima. Watu hurekebisha ile 404 kwa sababu inaonekana, na kuisahau milango iliyobaki wazi.

Kwenye hifadhidata, uliza kwanza ni programu gani inayoziendesha: tunatoka MySQL au MariaDB, na tunakwenda ipi? Ukitoka MySQL 8 kwenda MariaDB, utakutana na malalamiko kuhusu utf8mb4_0900_ai_ci, mpangilio wa herufi ambao matoleo mengi ya MariaDB hayaujui. Badilisha jina hilo kwenye faili la SQL liwe utf8mb4_unicode_520_ci, kisha ingiza upya. Ukitoka MariaDB mpya kwenda MySQL, kosa linaweza kutokea mstari wa kwanza kabisa, penye maneno enable the sandbox mode; futa mstari huo tu. Nywila za watumiaji wa hifadhidata zilizohifadhiwa kwa njia mpya ya MySQL 8 hazipokelewi na matoleo mengi ya MariaDB, kwa hiyo mpe kila mtumiaji nywila ile ile iliyoandikwa kwenye mipangilio ya tovuti yake. Hifadhidata kubwa usiipitishe phpMyAdmin, programu ya kusimamia hifadhidata kwa kivinjari; itakatika katikati na kukuachia jedwali nusu.

Sasa barua pepe, ambako ndiko watu wanalia.

Kosa baya kuliko yote ni lile lisilotoa mlio. Kampuni ina tovuti kwenye seva, lakini barua zake ziko Google Workspace. Akaunti inarejeshwa kwenye paneli mpya, na paneli inajihesabu kuwa yenyewe ndiyo mpokeaji wa barua za domeni hiyo. Fomu ya mawasiliano kwenye tovuti inatuma ujumbe, seva inauweka kwenye sanduku lake la ndani ambalo hakuna mtu amewahi kulifungua, na logi inasema umefika. Miezi inapita, kampuni inadhani wateja wamepungua. Dawa yake ni tiki moja: kwenye DirectAdmin, ukurasa wa MX (rekodi inayosema barua za domeni zinapokelewa wapi), ondoa tiki inayosema seva hii inashughulikia barua za domeni. Kila domeni, moja moja.

Kwa waliohifadhi barua kwenye seva yenyewe, kifurushi cha cpmove hubeba masanduku pamoja na nywila zikiwa zimefichwa, na hakuna anayehitaji kubadilisha kitu. Usipokuwa na root, tumia imapsync, programu ya kunakili barua kutoka sanduku hadi sanduku, ambayo inataka nywila ya kila sanduku; panga mapema nani atazikusanya. Iendeshe mara ya kwanza siku moja kabla ya kuhama, na mara ya pili baada ya rekodi ya MX kubadilika, ili ivute barua zilizodondokea seva ya zamani wakati wa mpito. Haitazirudia zile ilizokwisha kunakili. Walioko kwenye POP3, njia inayopakua barua kwenye kompyuta, waambie mapema: alama za utambulisho wa barua hubadilika, na Outlook inaweza kupakua upya barua za miaka yote, zote zikionekana mpya. Ofisi yenye bando la kupima italihisi.

Halafu saini. cPanel huweka ufunguo wa DKIM, saini inayothibitisha barua zimetoka kwenye domeni, kwa jina la default._domainkey, DirectAdmin hutumia x._domainkey. Ufunguo ni mpya, jina ni jipya. Kama DNS ya domeni iko kwingine, tuseme Cloudflare, paneli mpya itaandika rekodi hiyo kwenye DNS yake ya ndani isiyosomwa na mtu, na barua zitatoka na saini isiyothibitika. Inakili kwa mkono. SPF, rekodi inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua za domeni, nayo ibebe IP (anwani ya namba ya seva) mpya. Kwa siku za mpito iache ya zamani ibaki humo pia. Rekodi ya PTR, inayorudisha jina kutoka kwenye IP, haiwekwi ndani ya paneli; anayeiweka ni mwenye IP, yaani kampuni iliyokukodisha seva. Tangu Februari 2024 Gmail inadai haya kwa ukali kuliko zamani, na anayetuma barua 5,000 kwa siku au zaidi lazima awe na DMARC juu yake, yaani rekodi inayosema barua isiyothibitika ifanyweje.

Kwenye DNS, cPanel kwa kawaida huweka TTL (muda ambao jibu la DNS hukumbukwa) ya sekunde 14400, yaani saa 4. Ishushe hadi 300 angalau siku moja kabla. Kushusha saa ile ile ya kuhama hakusaidii, kwani waliokwisha kuuliza wameshika jibu la zamani kwa saa zao 4. Ukibadilisha nameserver (seva zinazojibu maswali ya DNS) za domeni ya .com, taarifa yake kwenye seva za .com zenyewe hukaa siku 2 na huwezi kuipunguza. Kwa hiyo fanya vyote viwili kwa pamoja: badilisha nameserver kwa msajili, na kwenye DNS ya zamani badilisha rekodi ya A (inayotaja IP ya tovuti) ielekee IP mpya. Atakayeuliza wa zamani na atakayeuliza wa sasa wote watafika nyumba moja. Kama domeni ina DNSSEC (saini za kulinda majibu ya DNS), ondoa kwanza kwa msajili rekodi ya DS inayoithibitisha, subiri siku moja, ndipo uguse nameserver. Ukikosea mpangilio huo, domeni inapotea kwa watu wengi huku wewe mwenyewe, kwa mtandao wako, ukiiona inafunguka vizuri.

Cheti cha bure cha usalama (HTTPS) cha Let's Encrypt, kwa njia ya kawaida, hakitolewi mpaka domeni ielekee seva mpya, kwa hiyo nakili cheti cha zamani pamoja na ufunguo wake kitumike siku za kwanza. Usibonyeze kitufe cha kuomba cheti kila dakika: majaribio 5 yakishindwa ndani ya saa moja, unazuiwa.

Jaribu kila kitu kabla ya kuhama. Kwenye Linux andika IP mpya na domeni ndani ya /etc/hosts. Kwenye Windows faili hilo liko C:\Windows\System32\drivers\etc. Kompyuta yako itaona seva mpya, dunia itaendelea na ya zamani. Ingia, nunua kitu, pakia picha, tuma fomu.

Tovuti inayopokea oda ifungwe kwa muda, tena kwa tangazo. Anayeahidi kwamba haitafungwa hata dakika moja hajasema oda zitakazoingia kwenye hifadhidata ya zamani baada ya kunakiliwa atazipeleka wapi. Nusu saa usiku, nakili hifadhidata mara ya mwisho, rudia rsync, fungua upande mpya. Baadhi ya watoa huduma za malipo ya simu na SMS hukubali maombi kutoka IP iliyosajiliwa tu, na kusajili mpya kunaweza kuchukua siku kadhaa za barua. Anza na hilo. Angalia na saa ya seva: nyingi huja na UTC, iliyo nyuma ya saa yetu kwa saa 3, na kazi ya cron (kazi iliyopangiwa saa yake) ya saa 8 usiku itafanyika saa 11 alfajiri.

Seva ya zamani iachwe ikiwaka walau siku 14. Kabla ya kuizima, fungua logi zake za wavuti na za barua uone nani bado anabisha hodi. Mara nyingi ni skana ya ofisini inayotuma barua, ambayo mtu aliiwekea IP kwa mkono na hakuna anayekumbuka nywila yake.

Fundi wa seva,
Morogoro